Kabla ya kupokea stoo, hesabu!

Wewe unayeuliza uvae nini Jumatatu kwenye intavyu ya duka-ghala la jumla pale Industrial Area, Kampala, na watauliza maswali gani, na mshahara ukoje, na zamu za usiku: mimi nimekwama kwenye sentensi yako ya mwisho. Eti meneja amekwambia ukipita utapokea stoo kwa jamaa anayeondoka, "ni kusaini tu". Wenzangu hapo juu wanakushauri uvae tai. Tai! Tai itakulipia sukari iliyopotea?

Mimi siku ya kupokea stoo, msimamizi alinikaribisha kwa soda na karatasi. Magari ya wateja wa Kikuubo, lile eneo la maduka ya jumla katikati ya Kampala, yamejaa getini, honi zinalia, naye ananibembeleza: "Kijana, hii ni fomu ya kawaida, saini tuendelee." Mafuta ya kupikia yalikuwa kwenye paleti, yamezungushiwa nailoni, yanapendeza. Ukitazama mbele katoni zimejaa, ubavuni zimejaa, juu zimejaa. Nikazidisha urefu kwa upana kwa kimo, mtaalamu wa hesabu, nikasaini. Wakaguzi walipokuja wakashusha katoni za juu: chini yake ubao, chini ya ubao hakuna kitu. Mtu alijenga ukuta wa katoni kuzunguka hewa! Na karatasi inayosema hewa ile ni mafuta ina saini yangu, imelala kwa madaha kama ya waziri.

Nilikatwa mshahara mwezi baada ya mwezi. Aliyenikabidhi alizima simu; nadhani mpaka leo anakula rolex, ile chapati ya kukunja na mayai, kwa jasho langu. Na yule bwana wa soda, bila haya, mbele ya watu: "Si alisaini mwenyewe?" Sijawahi kunywa soda ya bei ile.

Sasa sikiliza, mdogo wangu. Kalamu isiguse karatasi kabla hujahesabu na huyo anayeondoka, mtu wa tatu akiwepo. Paleti ya nailoni ifunguliwe. Wakikataa, andika kwa mkono wako pembeni ya saini: "haikufunguliwa, haikuhesabiwa". Magunia ya sukari ya kilo 50, kagua mshono. Ukiona uzi umerudiwa, gunia liende kwenye mizani. Katoni yenye selotepu tofauti na wenzake, fungua. Halafu piga picha karatasi yote kwa simu yako kabla hujairudisha, maana karatasi za stoo zina miguu.

Intavyu yenyewe? Watakuuliza mzigo mpya umeingia na wa zamani upo, utatoa upi. Jibu: unaokaribia kuisha muda ndio unaotangulia, hata kama umeingia jana. Kisha nawe uliza, kwa adabu, utapewa muda gani wa kuhesabu stoo. Akikunja uso, umeshajibiwa. Beba kitambulisho cha taifa na barua ya LC1, yaani ya mwenyekiti wa mtaa wako. Kwenye mshahara angalia NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni: asilimia 5 inakatwa kwako, 10 anaongeza mwajiri kutoka mfukoni mwake. Kuna wajanja wanaokukata zote 15.

Mengine watakujibu wengine. Ila wakikuharakisha kwamba gari linasubiri, lisubiri. Dereva akizidi kupiga honi, mpe kalamu asaini yeye.