Maswali na majibu: Hayo maji yenye harufu mnayoyaita sanitaiza

*Nauza viazi karai Mwembe Tayari. Sanitaiza ni ghali, kwa hiyo naitia maji kidogo idumu. Kuna ubaya?*

Upo, tena mkubwa, na swali hili nimelijibu hadi ulimi umeota sugu. Alkoholi ikishuka chini ya asilimia 60, usiitegemee. Chukua vikombe viwili vya asilimia 70, tia kimoja cha maji, umebaki na kama 47. Halafu wewe mikono yako ina mafuta na unga. Hapo hata sanitaiza halisi haifui dafu. Weka ndoo ya bomba na kipande cha sabuni. Maji ya mkokoteni ni pesa, najua, lakini mteja anakula kilichopita vidoleni mwako. Na ambalo hukuuliza: ukijipaka, usisogelee jiko mpaka mikono ikauke. Alkoholi hudaka moto upesi, na mchana ndimi zake hazionekani vizuri.

*Basi ya asilimia 99 ndiyo bora?*

La. Alkoholi huhitaji maji kidogo ili ivunje protini za kijidudu, na iliyo kali mno huruka kabla ya kumaliza kazi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza ethanoli asilimia 80 au isopropili 75, hizo zikiwa aina mbili za alkoholi.

*Nikishuka feri Likoni najipaka tone moja. Latosha?*

Tone la nini, manukato? Jaza kitanga, sugua nyuma ya mkono, kati ya vidole, dole gumba na ncha za kucha, sekunde 20 hadi 30, mpaka pakauke penyewe. Usijipanguse kwenye leso.

*Ni haramu kwa sababu ina kileo?*

Muulize sheikh wako.

*Mtoto anahara. Nikimbadilisha nepi natumia sanitaiza, nipo sawa?*

Hupo sawa, mama. Norovirusi, mojawapo ya vinavyoleta kuhara, haiuawi vizuri na alkoholi. Ni maji yanayotiririka na sabuni, kila mara, kabla hujagusa chakula.

*Nimeuziwa lita tano bei ya chini, dumu halina lebo. Nimejaza chupa za soda, nyumba nzima inatumia.*

Swali lako hili limenikosesha usingizi. Dumu lisilo na jina la mtengenezaji, asilimia ya alkoholi wala alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, laweza kuwa na methanoli, alkoholi ya sumu, na pua haitakwambia. Methanoli ikinywewa hupofusha, huua. Hata iliyo safi ni kali kuliko vodka, nawe umeitia kwenye chupa ambayo mtoto anaijua kuwa ya soda! Zikusanye leo hii, usingoje kesho. Mtoto akinywa, usimtapishe, usimpe maziwa ukasubiri. Mkimbize hospitali, na chupa nayo uibebe, daktari ataiulizia.