Kwa mwalimu msaidizi mpya wa chuo kikuu: mwanafunzi wa kijijini hatakuambia kwamba hajaelewa

Ndugu mwenzangu, umekabidhiwa darasa la mwaka wa kwanza hapa Lubumbashi, na kabla wiki mbili hazijaisha utakuwa umeshawaona wanafunzi wanaokaa nyuma ya ukumbi, wanaoandika kila neno na wasiouliza lolote. Wengi wao wametoka Kasenga, Pweto au Mitwaba, na ndio wa kwanza katika ukoo wao kuingia chuo kikuu. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao, lakini hilo halikunizuia kuwakosea nilipoanza kazi.

Kosa langu lilikuwa kuuliza darasa zima kama limeelewa, kisha kuridhika na itikio. Mtoto aliyelelewa vizuri kijijini hamhoji mkubwa mbele ya watu. Huitikia, halafu akaenda kutafuta maana peke yake. Chuoni ukimya huohuo tunauchukua kuwa dalili ya kuelewa, au, vibaya zaidi, dalili ya uzito wa akili. Siku hizi ninamwita mmoja mmoja baada ya somo, ninamwomba anieleze jambo kwa Kiswahili kama ambavyo angemweleza mdogo wake, kisha tunalipeleka pamoja kwenye Kifaransa. Mara nyingi ninakuta kwamba wazo analo, ila mwendo wa Kifaransa cha profesa umemwacha njiani, kwa kuwa huko alikosomea mwalimu aliandika Kifaransa ubaoni na kufafanua kwa Kiswahili au Kibemba.

Usidhani pia kwamba anajua chuo kinavyoendeshwa. Mtoto wa nyumba yenye wasomi husikia mezani habari za minervali, yaani karo ya chuo, za kikao cha walimu cha kuamua matokeo, za mtihani wa marudio. Huyu hana wa kumsikia. Hata akiwa na mjomba aliyesoma zamani, mjomba huyo atamsimulia mfumo wa zamani, graduwa (shahada ya awali) ya miaka mitatu iliyofuatwa na lisansi ya miaka miwili, ilhali katika mfumo wa sasa wa LMD (lisansi, masta, udaktari) lisansi yenyewe huchukua miaka mitatu, yenye krediti 60, yaani vipimo vya masomo, kila mwaka. Nimeshuhudia kijana akifunga mizigo kwa sababu ya kushindwa somo moja, akiamini kwamba mwaka mzima umepotea. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba krediti alizokwisha kuzipata zinabaki kuwa zake. Tenga saa moja ya wiki ya kwanza kwa maelezo hayo, hata kama ratiba haina nafasi.

Kuhusu fedha nitasema kidogo. Mahindi ya Katanga hupandwa mvua za Novemba zinapokolea na huvunwa kuanzia Aprili, kwa hiyo mzazi mkulima huishiwa katika miezi ileile ambayo chuo kinadai malipo. Mhimize mwanafunzi aende kuomba kulipa kwa awamu kabla ya tarehe ya mwisho, si baada ya kufukuzwa mtihanini. Usimkopeshe fedha zako: atakukwepa kwa aibu, na utakuwa umempoteza kwa njia nyingine.

Jambo zito zaidi ni mahali anapolala. Katika mwaka wangu wa pili wa kazi nilimkemea mbele ya wenzake kijana aliyechelewa mara nne, naye hakurudi tena. Baadaye nilielezwa kwamba alikuwa akitoka mtaa wa Katuba kwa miguu, baada ya kuchota maji ya nyumba nzima ya ndugu waliompokea. Wasichana hubebeshwa zaidi: kusonga bukari (ugali), kuosha watoto, kuuza makaa mlangoni hadi giza, kisha umeme ukatike wakati ambao wangefungua daftari. Wenyeji hao si watu wabaya. Wamempa mtoto wa ndugu yao kitanda na chakula, na kwa desturi zetu mtoto aliyepokewa husaidia kazi. Wasichokijua ni kwamba mtu anayekaa darasani saa chache kwa siku bado ana kazi nyingi ya kusoma peke yake, na kwa macho yao huyo anayeinamia daftari amepumzika.

Kwa hiyo nenda ukawasalimu. Usiende kama mkaguzi. Mwombe mwanafunzi kwanza ruhusa, kwa maana wengine wanaona haya nyumba yao ionekane. Ukifika, kaa, ulizia habari za wazee waliobaki kijijini, washukuru wenyeji kwa mzigo waliojitwika, na ndipo uombe saa mbili tu za alfajiri au za jioni zisizoguswa na kazi. Taja saa zenyewe, kwa sababu ombi la jumla kwamba mtoto apewe nafasi ya kusoma hukubaliwa na kila mtu na halibadilishi chochote. Mimi hufanya ziara hizo kabla ya Desemba. Ukingoja matokeo ya muhula wa kwanza, mama mwenye nyumba atayasikia maneno yako kama lawama kwake, na mlango atakaokufungulia mara ya pili utakuwa mwembamba.