Kuongeza muda wa mkataba wa fleti Uingereza: usisubiri mpaka ibaki miaka 80

Niliponunua fleti yangu mashariki mwa London mwaka 2017, nilimpigia simu mama yangu aliyeko Tanga kumpa habari, naye akaniuliza swali ambalo hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameniuliza: "Mwanangu, nyumba umenunua, na kodi bado unalipa?" Nilimjibu kwamba ni kama hati ya miaka 99 ya kwetu, isipokuwa mwenye ardhi huku si serikali bali ni kampuni binafsi. Jibu hilo lilikuwa sahihi, lakini mimi mwenyewe sikulifikiria tena kwa miaka sita.

Mkataba wangu wa pango ulikuwa wa miaka 99 kuanzia tarehe 24 Juni 2004, na kodi ya ardhi ilikuwa pauni 200 kwa mwaka, ikiongezeka maradufu kila baada ya miaka 33. Mwezi Machi 2023, nilipotaka kubadilisha mkopo wa nyumba, afisa wa benki aliniuliza mkataba umebakiza miaka mingapi. Nilipiga hesabu nikagundua kwamba ifikapo tarehe 24 Juni ya mwaka huohuo ingebaki miaka 80 kamili, na nambari hiyo ndiyo inayopaswa kumnyima usingizi kila mwenye fleti Uingereza na Wales. (Uskoti ina sheria zake, na haya hayaihusu.)

Chini ya sheria ya mwaka 1993, mwenye fleti ana haki ya kudai nyongeza ya miaka 90 juu ya ile iliyobaki, na kodi ya ardhi kufutwa kabisa, kwa kumlipa mwenye ardhi fidia. Fidia hiyo hukokotolewa kwa kuangalia kodi atakayoikosa na thamani ya fleti ambayo ingemrudia mkataba ukiisha. Mkataba ukiwa umebakiza miaka 80 au pungufu, huongezwa hesabu ya tatu: ongezeko la thamani linalotokana na mkataba mpya hugawanywa nusu kwa nusu kati yako na mwenye ardhi. Waingereza huliita thamani ya ndoa, ingawa mahari yote hutoka upande mmoja. Rafiki yangu mwenye fleti ya bei inayokaribiana na yangu aliacha mpaka ikabaki miaka 68, akalipa zaidi ya pauni 20,000. Mimi nililipa 11,800.

Kinachookoa ni kwamba hesabu hufanywa kwa tarehe ambayo mwenye ardhi amepewa notisi rasmi ya dai hilo, hata kama mazungumzo yatachukua mwaka mzima baadaye. Kwa hiyo kazi yangu yote kati ya Machi na Juni ilikuwa kuiwahi siku hiyo moja.

Kosa nililokaribia kulifanya ni kukubali barua ya mwenye ardhi. Nilipomwandikia kuuliza tu, alinijibu upesi na kwa upole, akinipa mkataba wa miaka 125 kwa pauni 9,000 bila notisi wala mthamini. Bei ilipendeza. Wakili wangu alipoisoma rasimu alinionyesha kwamba kodi ya ardhi ingeendelea, pamoja na kuongezeka kwake maradufu, mpaka mwaka 2103, na kwamba ofa hiyo ingeweza kuondolewa wakati wowote kabla ya kutia saini, pengine baada ya tarehe 24 Juni. Sisemi kwamba makubaliano ya namna hiyo ni mabaya siku zote, ila yasikufanye uache kutoa notisi rasmi muda unapoyoyoma.

Tafuta wakili na mthamini wanaofanya kazi hii mara kwa mara, kwa sababu notisi yenye kasoro inaweza kubatilika. Aliyenisimamia nilipoinunua fleti alikuwa wakili mzuri wa mauzo, lakini alikiri kwamba jambo hili hakulimudu, nami namshukuru kwa kusema kweli. Hakikisha pia katika rejista ya ardhi ni nani hasa mwenye ardhi, kwani kampuni inayokuletea bili huenda ikawa wakala tu. Kabla ya kumlipa yeyote, zungumza na LEASE, shirika la umma linalotoa ushauri wa bure kuhusu mikataba ya namna hii.

Mthamini alikadiria fidia kuwa kati ya pauni 10,500 na 12,500. Katika notisi tuliyoitoa tarehe 6 Juni tulipendekeza 8,900, na mwenye ardhi akadai amana ya asilimia 10 ya kiasi hicho. Notisi humpa angalau miezi miwili ya kujibu. Alijibu mwezi Agosti, siku chache kabla ya muda kwisha, akitaka 16,400. Tangu siku ya majibu hayo mna miezi sita ya kukubaliana au kupeleka shauri kwenye baraza la masuala ya nyumba, na ukiipitisha bila kufanya lolote, notisi huhesabiwa imeondolewa, nawe husubiri miezi 12 kabla ya kutoa nyingine. Tulipeleka shauri mwezi Januari ili kujilinda, na wiki tatu baadaye bei ikapatikana bila kusikilizwa.

Weka akiba ya gharama za pembeni, maana unalipa wataalamu wako na pia gharama za kiasi za wakili na mthamini wa mwenye ardhi. Zangu zilikaribia pauni 4,000.

Tangu tarehe 31 Januari 2025 huhitaji tena kuimiliki fleti kwa miaka miwili kabla ya kudai. Mabadiliko hayo yametokana na sheria ya mwaka 2024, ambayo pia inataja nyongeza ya miaka 990 na kuondolewa kwa thamani ya ndoa, lakini vifungu vyake huanza kutumika kimoja kimoja, serikali inapoamua. Muulize wakili kipi kimeanza kabla ya kuamua kusubiri, hasa kama unataka kuuza.

Mkataba wangu mpya unaisha mwaka 2193. Mahali pa kodi pameandikwa punje moja ya pilipili manga kwa mwaka, ikiwa itadaiwa, yaani kodi ya jina tu. Mama amesema atanitumia gunia.