Lenzi za macho na maji ya bomba

Dada, umeuliza kama dawa ya lenzi (maji maalumu ya kuzisafishia na kuzilowekea) ikikuishia hapo Ujiji unaweza kuziloweka kwenye maji ya kuchemsha hadi upate nyingine kutoka Dar. Tafadhali usifanye hivyo, hata usiku mmoja. Vaa miwani mpaka dawa ifike.

Kwenye maji ya bomba, ya kisima na ya ziwa huishi amiba, kijidudu kisichoonekana kwa macho, aitwaye akanthamiba. Akijificha chini ya lenzi huila konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Maumivu yake ni makali, matibabu huchukua miezi, na wengine hupoteza uwezo wa kuona. Maji yaliyochemshwa nayo yakishapoa ndooni huingiwa na vijidudu vingine, tena lenzi laini huyanyonya na kung'ang'ania jicho. Kuzilowesha kwa mate ndiyo usithubutu kabisa!

Kwa hiyo ukienda kuogelea Ziwa Tanganyika, zivue kwanza. Ukitoka kupara samaki au kukata pilipili, nawa kwa sabuni na ukaushe mikono vizuri kabla ya kugusa jicho. Dawa ya jana imwage yote, usiongezee mpya juu yake. Kikopo cha kuwekea lenzi kibadilishe kila baada ya miezi 3 hivi. Usilale na lenzi machoni.

Jicho likiwa jekundu, likauma au likaogopa mwanga, vua lenzi na uende kwa daktari wa macho siku hiyohiyo. Usinunue matone dukani kwa kubahatisha, hasa yenye steroidi (dawa kali ya kutuliza uvimbe), na lenzi uliyoivua nenda nayo.