Barua kwa Mwanangu: Picha Ni ya Nani?

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Tanga. Sisi hatujambo, na mama yako bado anakwenda sokoni kwa miguu yake. Barua yako nimeisoma mara mbili.

Umeniuliza kuhusu bibi harusi uliyempiga picha, ambaye amezisambaza bila jina lako na, ulipomkumbusha, akakujibu kwamba sura ni yake, gauni ni lake, fedha katoa yeye, na wewe ulibonyeza tu. Unataka kujua picha zile ni za nani. Nakiri kwamba maneno yake hayakuniudhi kama yalivyokuudhi wewe, kwa kuwa nusu yake ni kweli.

Mfikirie mpiga picha Seydou Keïta, aliyefungua studio yake mjini Bamako, Mali, mwaka 1948. Wateja walikuja na mavazi yao mazuri, wengine wakaazima saa au redio ya studio, wakalipa, wakaondoka na picha za kuwapelekea jamaa zao. Yeye alipiga uani kwa mwanga wa jua, na mara nyingi alimpiga mtu mara moja tu, maana vifaa vilikuwa ghali. Ukitazama juu juu utasema kila kitu kililetwa na mteja. Lakini bega lililogeuzwa kidogo, mkono uliolazwa mahali pake, na marembo ya nguo yanayokutana na marembo ya pazia la nyuma hata mtu akaonekana kama anachomoza ndani ya kitambaa, hayo hayakuletwa na mteja yeyote.

Mwaka 1991 baadhi ya picha hizo zilitundikwa katika maonyesho huko New York, na palipostahili jina pakaandikwa kwamba mpiga picha hajulikani, ilhali mwenyewe alikuwa hai nyumbani kwake Bamako. Mfaransa André Magnin alifunga safari kumtafuta, akampata, na mwaka 1994 kazi zake zikapata maonyesho ya peke yake mjini Paris. Kinachonigusa zaidi, hata hivyo, si umaarufu huo wa uzeeni. Ni kwamba Keïta aliweza kueleza picha ni ya miaka ipi kwa kutazama pazia tu: la kwanza lilikuwa shuka la kitanda chake lenye matamvua, kisha akawa analibadilisha kila baada ya miaka miwili au mitatu. Mteja aliijua picha yake moja. Yeye alizijua zilizoitangulia na zilizoifuata, na sababu ya kila moja kuwa ilivyo. Mimi utunzi nauona hapo, wala siuoni kwenye kidole.

Sasa nikueleze jambo ambalo sikuwahi kukusimulia. Ulipokuwa mdogo, picha yangu ya mvuvi akikunja nyavu ilitokea kwenye kalenda ya ofisi moja bila jina langu. Nilikwenda pale nikiwa nimefura, nikadai, nikalipwa kidogo. Nilipokutana na yule mvuvi nikamsimulia ushindi wangu, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na mimi je?" Sikuwa na jibu. Nilimpa nusu ya fedha, na tangu siku ile sijauza sura ya mtu bila kumwomba ruhusa, ingawa wenzangu wa chumba cha giza, tulikosafishia picha, walinicheka.

Kwa hiyo mwambie bibi harusi kwa upole kwamba jina lako linastahili kutajwa, na hilo hata Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalitambua, kwa kuwa picha imo miongoni mwa kazi inazozilinda na mtunzi ana haki ya kutambulishwa. Usimtishe kwa sheria; mtajie tu. Nawe usiipeleke sura yake kwenye tangazo la saluni au la mshona magauni kabla hajakubali, hata kama negativu, au hayo mafaili yenu ya siku hizi, yamo mikononi mwako.

Kosa lako, mwanangu, ni kwamba hamkuandikiana lolote kabla ya harusi. Ndani ya bahasha hii nimeweka nakala ya makubaliano niliyokuwa nikiyatumia studio, ukurasa mmoja tu. Bei zake ni za zamani mno, zibadilishe.

Baba yako