Rolls-Royce mbili za mwaka mmoja, mbona hazifanani?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nimeona picha za Rolls-Royce Phantom II mbili, zote za 1930. Moja ina milango miwili na paa la kukunja, nyingine imesimama wima kama sebule yenye magurudumu. Inakuwaje? Na ni kweli ndani mna mbao?

JIBU: Marahaba. Siku hizo kiwanda cha Rolls-Royce, kule Derby, Uingereza, hakikuuza gari zima. Kiliuza chesisi, yaani fremu ya chini, ikiwa na injini, giaboksi na rejeta yake, basi. Mteja aliipeleka kwa waunda bodi, tuseme Barker, Hooper au Park Ward wa London, akaeleza anachotaka. Ni kama mabasi yetu: chesisi inatoka kwa mmoja, bodi inaundwa na mwingine. Rolls-Royce ya kwanza kuuzwa na bodi ya kiwanda ni Silver Dawn ya 1949.

Mbao zipo, tena ndizo mifupa. Waingereza walipenda mti wa kwao uitwao eshi (ash) kwa sababu unapindika bila kupasuka na unashika skrubu vizuri. Juu yake linavikwa bati, mara nyingi la alumini, lililopigwa kwa nyundo ya mbao juu ya mfuko wa mchanga, kisha likanyooshwa kati ya magurudumu mawili ya chuma. Kutengeneza kalibu za kukandamizia bati kwa ajili ya gari mojamoja kungekuwa wazimu.

Shida ilikuwa chesisi yenyewe. Ilijipinda barabarani, mbao zikasuguana kwenye maungio, bodi ikaanza kulia. Mbunifu wa bodi aitwaye Weymann, kule Paris, alizitenganisha mbao kwa vipande vya chuma ili zisigusane, halafu akazifunika kwa kitambaa badala ya bati. Kelele zikaisha. Kitambaa, lakini, hakizeeki vizuri. Mimi ningechukua alumini na makelele yake.

Ukikuta gari la namna hii linauzwa, usihadaiwe na rangi. Fungua mlango nusu, ushike kwa chini, uunyanyue taratibu huku jicho liko kwenye nguzo ya bodi inayoshika bawaba zake. Mlango ukicheza peke yake, hizo ni bawaba, kazi ndogo. Nguzo ikipanda nayo, mbao imeoza pale chini maji yanapotuama, na huwezi kuibadilisha bila kuvua bati kwanza.