Mbuzi wakila gome la mparachichi mzunguko mzima, usisubiri majani yanyauke

Mkuu uliyeuliza kuhusu miparachichi yako ya miaka mitatu iliyogugunwa na mbuzi, nimesoma majibu ya wadau waliokushauri upake kinyesi cha ng'ombe kisha utulie, kwa kuwa majani bado ni mabichi. Mimi nina kitalu hapa Njombe na kubebesha miche, yaani kuunga kijiti cha mti mzuri juu ya shina la mche wa kienyeji, ndiyo kazi inayonilisha. Nakuomba usitulie. Mti ulioliwa gome mzunguko mzima unaweza kukaa na majani mabichi kwa miezi huku mizizi inakufa njaa, na ukifika wakati wa majani kunyauka huna tena cha kuokoa.

Chukua kisu, kata tawi bichi, ubandue gome lake. Chini ya gome utakutana na utelezi, halafu mti mweupe mgumu. Katika utelezi ule ndimo ilimo kambiamu, pamoja na seli changa ilizozizaa. Yenyewe ni nyembamba mno, safu chache tu za seli, huioni kwa macho. Lakini unene wote wa shina umetoka humo. Seli yake ikigawanyika, moja inabaki kuendelea na kazi ya kuzaa, na nyingine inakwenda ama ndani ama nje. Zinazokwenda ndani zinakuwa mti wenyewe, zailemu, ambayo inapandisha maji na madini kutoka mizizini. Zinazokwenda nje zinakuwa gome la ndani, floemu, ambayo inateremsha sukari iliyotengenezwa na majani. Za ndani ni nyingi kuliko za nje, na floemu ya zamani inasagwa kadiri shina linavyotanuka, ndiyo maana mbao inanenepa mwaka hadi mwaka lakini gome la ndani linabaki jembamba.

Sasa angalia mbuzi wamekula nini. Wamekula floemu na kambiamu, mti wakauacha. Maji yanaendelea kupanda, majani yanaendelea kung'aa, ila sukari inafika juu ya kidonda na kukwama. Mizizi inaishi kwa wanga iliyojiwekea, na ikiisha basi. Utaona sehemu ya juu ya kidonda inavimba, na mti unaweza hata kutoa maua mengi msimu huo kwa sababu chakula chote kimebaki juu. Wenye mashamba wengi hufurahia maua hayo.

Kwa nini gome halirudi lenyewe? Hapa inabidi tuanzie kwenye mche. Kokwa linapochipua, shina changa halina mzunguko kamili wa kambiamu. Lina vifungu vya mirija vilivyojipanga duara, na ndani ya kila kifungu, kati ya mirija ya maji na ile ya chakula, kuna mstari wa seli zilizobaki na uwezo wa kugawanyika. Baadaye seli za kawaida zilizo kati ya kifungu na kifungu nazo zinaanza kugawanyika, mistari inaungana, duara linafunga. Tangu hapo kambiamu mpya huzaliwa zaidi kutokana na iliyopo jirani yake. Ndiyo maana kidonda cha upande mmoja hufunikwa taratibu kutoka kingoni, lakini pete pana iliyokwanguliwa hadi kwenye mti mkavu haina pa kuanzia. Ipo miti inayojitahidi: mbuyu huota gome jipya hata ukichunwa sana. Mparachichi usiutegemee hivyo.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwanza zunguka kila shina kwa makini. Kama umebaki hata utepe mmoja wa gome zima unaounganisha juu na chini, mti huo una nafasi nzuri: safisha kingo za kidonda kwa kisu kikali, kinga na jua, ondoa matunda. Ulioliwa pande zote, tazama kidonda kiko wapi. Kikiwa juu ya mahali ulipobebeshwa, na pamebaki shina zima la kutosha hapo katikati, kata chini ya kidonda. Utachipua, na chipukizi litakuwa lile lile parachichi ulilonunua. Kikiwa chini ya hapo, ukikata utapata machipukizi ya shina la kienyeji, itabidi ubebeshe upya.

Kama hutaki kukata, jenga madaraja. Chukua vijiti vyenye afya vya mparachichi, unene wa penseli, virefu kidogo kuliko kidonda. Chonga ncha zote mbili kwa mshazari, chomeka ncha ya chini chini ya gome zima la chini na ya juu chini ya gome la juu, ili kambiamu ya kijiti iguse ya shina. Gongomea misumari midogo sana, ziba kwa nta, funga kwa nailoni. Zungusha vijiti kadhaa, umbali wa vidole vitatu hadi vinne kati ya kimoja na kingine. Usigeuze kijiti juu chini. Auksini, homoni inayotoka kwenye machipukizi na majani machanga, husafiri kuelekea mizizini, na ndiyo inayoiamuru kambiamu ifanye kazi.

Homoni hiyo hiyo inakuambia wakati wa kufanya. Mvua zikinyesha na majani mapya yakitoka, kambiamu inachangamka na gome linabanduka bila kupasuka. Wachuma mdalasini wa Zanzibar wanalijua hilo vizuri. Kiangazi gome linang'ang'ania, kwa hiyo mwagilia vya kutosha kwanza.

Na kamba za nailoni mlizofungia miche kwenye vijiti, legezeni. Shina linanenepa, kamba hainenepi, na mwishoni inakata floemu vile vile kama meno ya mbuzi.

Mdau aliyeuliza kama anaweza kubebesha mnazi mfupi juu ya mnazi mrefu: haiwezekani. Mnazi, mgomba na mwanzi havina kambiamu hii, mirija yao imetawanyika shinani, kwa hiyo hakuna safu ya kugusanisha. Hata ngazi ambazo wakwezi huchonga kwenye mnazi hazizibiki, zinabaki vile vile mpaka mti uanguke. Kwa minazi mifupi, tafuta mbegu yake na uipande.